Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Msaada kwa Wanafunzi wa Uhandisi Mombasa

Ukurasa huu ni wa mwanafunzi wa uhandisi anayesoma chuo kikuu hapa Mombasa, awe wa umeme, mitambo, ujenzi au bahari. Misaada ipo. Wengi huikosa kwa sababu wamebisha mlango usiohusika, wamekuja mikono mitupu bila karatasi, au wamefika tarehe imeshapita. Kwa hiyo kila jibu hapa linataja ofisi, karatasi na muda.

Nina shida. Nianze na nani?

Kwanza jiulize kama shida yako ni ya masomo, ya pesa au ya maisha. Jambo la masomo hupanda ngazi: mhadhiri wa somo, mratibu wa mitihani wa idara, mwenyekiti wa idara, mkuu wa kitivo, na mwisho ofisi ya msajili anayeshughulikia masomo. Ukiruka ukaenda moja kwa moja kwa mkuu wa kitivo, swali lake la kwanza litakuwa, "Mwenyekiti wako anajua?" na utarudishwa ulikotoka. Malazi, maradhi, msiba, njaa na ugomvi wa chumbani ni mambo ya Mkuu wa Wanafunzi. Karo na risiti ni za ofisi ya fedha, na mwenyekiti wa idara hawezi kukufungulia mfumo wa mtandaoni wa chuo uliofungwa kwa deni hata akikuonea huruma.

Sema kwa mdomo, kisha andika. Tumia anwani ya baruapepe uliyopewa na chuo, uweke jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, nambari ya usajili, msimbo wa somo, muhula na mwaka, na ombi lako kwa sentensi moja. Baruapepe isiyo na nambari ya usajili husomwa na kuachwa, kwani anayeisoma ana wanafunzi mia kadhaa na huenda akina Mohamed Ali ni wanne katika darasa moja.

Maki zangu hazionekani kwenye mfumo. Nifanyeje?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote. Usianze kwa kumlaumu mhadhiri. Tafuta kwanza maki zimekwamia wapi.

Sababu ya kawaida kabisa ni kwamba hukusajili somo. Ulihudhuria, ukafanya CAT (majaribio ya ndani ya muhula), ukaketi kwenye mtihani, lakini jina lako halimo kwenye orodha ya mfumo, na mhadhiri hana mahali pa kuingiza alama. Sababu ya pili ni nambari ya usajili iliyokosewa tarakimu moja kwenye kijitabu cha majibu. Ya tatu ni ya uhandisi hasa: CAT zimeingizwa, mtihani umeingizwa, ila ripoti za maabara bado ziko kwa fundi wa maabara na hazijafika kwa mhadhiri, basi mfumo unaonyesha somo halijakamilika. Ya nne ni mhadhiri wa muda aliyemaliza mkataba akaondoka na karatasi. Ya tano huwapata wanaorudia somo baada ya mtaala kubadilishwa: walisajili msimbo wa zamani, mtihani wakaufanya chini ya msimbo mpya.

Ukishajua ni ipi, kusanya ushahidi. Wenye nguvu kuliko wote ni sahihi yako kwenye orodha ya waliofanya mtihani, ambayo hubaki idarani. Ndiyo maana hupaswi kutoka chumba cha mtihani bila kutia sahihi, hata kama msimamizi ana haraka. Ushahidi mwingine ni kadi ya mtihani, CAT zilizosahihishwa na ripoti za maabara zenye muhuri. CAT ukirudishiwa, ipige picha siku hiyohiyo. Karatasi inayokaa chini ya godoro hosteli, kwa unyevu wetu huu wa pwani, haitasomeka baada ya miaka mitatu.

Jaza fomu ya idara ya maki zilizokosekana, ambatisha nakala (si karatasi halisi), na uombe nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Uliza utapata jibu lini na urudi siku hiyo. Lifanye jambo hili muhula unaofuata, usilingoje mwaka wa tano. Wanaongoja hujikuta wiki mbili kabla ya orodha ya mahafali wakimtafuta mhadhiri ambaye sasa anafundisha Eldoret.

Sapu na mtihani maalumu vina tofauti gani?

Tofauti kubwa, na kutoijua humharibia mtu daraja la shahada.

Mtihani maalumu ni wa aliyeshindwa kufika kwa sababu inayokubalika: ugonjwa, kujifungua, ajali, kufiwa na mtu wa karibu. Alama zake huhesabiwa zote. Sapu ni ya aliyefanya mtihani akaanguka. Hata ukipata 70 kwenye sapu, katika vyuo vingi vya Kenya rekodi yako itaandikwa 40, yaani alama ya kupita tu.

Kwa hiyo ukiamka na homa kali siku ya mtihani, usijikokote hadi ukumbini ukaandike nusu ukurasa. Nenda zahanati ya chuo kwanza. Ukishaketi, hoja ya "nilikuwa mgonjwa" ni ngumu kukubaliwa. Barua ya daktari iwe na tarehe ya siku hiyo, muhuri, jina na nambari ya usajili ya daktari, na idadi ya siku za kupumzika. Ukitibiwa nje, ipeleke zahanati ya chuo iidhinishwe, kisha idarani. Barua inayopatikana wiki tatu baadaye, yenye tarehe ya nyuma, hutambuliwa mara moja.

Uangalie pia masomo yanayotegemeana. Anayeanguka Hesabu ya mwaka wa kwanza anaweza kuzuiwa kusajili somo la mwaka wa pili linalojengwa juu yake, na somo linalofundishwa mara moja kwa mwaka likikupita, mwaka mzima umekupita.

Nimeelemewa na hesabu, saketi au uimara wa vifaa (strength of materials). Kuna wa kunifundisha?

Wapo watu wa aina tatu. Mhadhiri ana saa za kuonana na wanafunzi, ambazo mara nyingi hubandikwa mlangoni na mara nyingi hazina mtu. Kuna wanafunzi wa mwaka wa nne na wa tano wanaosaidia kupitia vyama vya idara. Na kuna fundi wa maabara, ambaye wengi humsahau ilhali yeye ndiye aliyeona jaribio lile likiharibika kwa njia zote linazoweza kuharibika.

Usiende ukasema, "Mwalimu, sielewi chochote." Nenda na swali moja ulilolianza, lililoandikwa hadi pale ulipokwama. Robo saa ya namna hiyo ina faida kuliko saa mbili za kusomewa upya.

Kabla ya hapo, kagua mambo mawili yanayoangusha watu wanaoelewa somo vizuri.

La kwanza ni vipimo. Chukua boriti ya mstatili yenye upana wa mm 50 na kimo cha mm 100, inayobeba momenti ya kupinda ya kNm 2. I (momenti ya pili ya eneo la mkato) ni 50 × 100³ ÷ 12, yaani takriban 4.17 × 10⁶ mm⁴, na y (umbali kutoka katikati hadi ukingo) ni mm 50. Ukigeuza momenti kuwa 2 × 10⁶ Nmm, mkazo (momenti × y ÷ I) ni 24 N/mm², yaani MPa 24. Ukiiacha ikiwa Nm 2,000 huku vingine vikiwa kwa milimita, utapata 0.024, na jibu hilo huandikwa na kupigiwa mistari miwili chini bila mtu kushtuka kwamba boriti imebeba mzigo wote huo bila kuhisi chochote.

La pili ni kikokotoo kilichoachwa kwenye digrii. Umeme wa nyumbani kwetu ni wa hezi 50 na volti 240, kwa hiyo kilele chake ni takriban volti 339: v = 339 sin 314t. Baada ya milisekunde 5, 314t ni radiani 1.57 na jibu ni volti 339 kamili. Kikokotoo kikiwa kwenye digrii kitakupa volti 9.3. Kabla ya kila swali la mkondo geu, tazama herufi ndogo iliyo juu ya skrini: R au D. Na kabla ya kununua kikokotoo, uliza idara inaruhusu aina gani kwenye mtihani. Chenye uwezo wa kuhifadhi maandishi hunyang'anywa mlangoni.

Karakana inataka nivae nini? Navaa hijabu, nitaruhusiwa?

Utaruhusiwa, ila kitambaa kisining'inie. Buibui na mtandio mrefu haviingii kwenye karakana ya mitambo. Vaa suruali, ovaroli yenye mikono inayobana, na hijabu fupi ya kuvuta ambayo ncha zake zimeingizwa ndani ya ovaroli na zipu ikafungwa juu. Anayekuja na kanzu siku ya Ijumaa abebe nguo za kubadilisha. Nywele ndefu zifungwe nyuma, tai ivuliwe, pete na saa zitoke. Viatu viwe vya kufunika mguu wote, vyenye ncha ya chuma ukiweza. Kandambili hazina mjadala.

Glavu ni kitu kinachowachanganya wapya. Kwenye kulehemu ni lazima. Kwenye kerezo (mashine inayozungusha chuma kikichongwa) na mashine ya kutoboa ni marufuku, kwani chuma kinachozunguka kikikamata uzi wa glavu kitavuta mkono mzima kabla hujafikia swichi. Ufunguo wa kubania chuma kwenye kerezo nao usiachwe mahali pake hata kwa sekunde, maana mashine ikiwashwa ufunguo huruka kama risasi. Kanuni ya mafundi ni kwamba mkono hauachi ufunguo mpaka ufunguo uwe mezani. Miwani ya kinga huvaliwa hata na anayetazama tu.

Dada anayepewa ovaroli ya saizi kubwa kuliko mwili wake asikunje mikono kwa kuizungusha. Aombe saizi yake au apunguziwe na fundi cherehani. Kitambaa kilichozidi ni hatari ileile ya mtandio.

Mradi wa mwisho: nipange vipi, na vifaa nitapata wapi?

Panga kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka siku ya kuwasilisha.

Kwa wanaofanya ujenzi, zege ndilo linaloamua kalenda. Mchemraba wa mm 150 hupimwa baada ya siku 7 na siku 28, na siku 28 hazipunguzwi na bidii yako. Katika muhula wa wiki 14, ukitaka wiki mbili za kuandika, basi kumwaga zege baada ya wiki ya nane ni kujitafutia lawama. Mimina angalau michemraba mitatu kwa kila mchanganyiko na kila umri. Kila mmoja una uzito wa karibu kilo 8, kwa hiyo mradi wenye michanganyiko minne unakupa michemraba 24, karibu kilo 200 za zege za kubeba kutoka kwenye tangi la maji linapokomaa hadi kwenye mashine. Weka nafasi ya mashine ya kuvunjia mapema; wenzako wote wanaiwania wiki ileile. Andika tarehe na alama ya mchanganyiko juu ya zege kabla halijakauka, si kwa chaki baadaye, maana ndani ya maji chaki hupotea. Viwango vingi vinataka maji ya tangi yawe karibu nyuzi 20, na maji ya Mombasa yasipopozwa hukaa juu zaidi. Pima joto kila siku na uliandike kwenye ripoti, usilifiche. Mchanga wa ufukweni usiutumie, labda kama chumvi ndiyo unayoichunguza.

Wa umeme na elektroniki, vipuri vidogo vinapatikana mjini, lakini vya nadra huagizwa Nairobi, Luthuli Avenue, vikaletwa kwa basi la usiku. Agiza viwili vya kila kitu cha bei nafuu. Kuna makosa matatu yanayorudi kila mwaka. La kwanza ni kuendesha mota kutoka kwenye pini ya Arduino (bodi ndogo ya kuongozea vifaa), ambayo haikukusudiwa kubeba zaidi ya miliampia 20 au hivi. Bodi inajizima na kujiwasha kila mota inapoanza, na mwanafunzi anatafuta kosa kwenye programu siku tatu. Ipe mota chanzo chake cha umeme, weka transista au kiendeshi cha mota katikati, kisha unganisha hasi za vyanzo vyote viwili. La pili ni kuunganisha kipima umbali cha HC-SR04, kinachorudisha volti 5, moja kwa moja kwenye ESP32, bodi nyingine ya aina hiyo, isiyotaka zaidi ya volti 3.3. Rezista mbili zinatosha: kΩ 1 kutoka kwenye pini ya mwangwi, kΩ 2 kwenda hasi, na katikati yake utapata volti 3.3. La tatu ni la hewa yetu. Chumvi na unyevu hula miguu ya vipuri na matundu ya bredibodi (ubao wa kuchomekea vipuri), saketi iliyofanya kazi Machi inakataa Juni. Hifadhi vitu kwenye kopo lenye mfuniko na vipakiti vya kukausha unyevu, na mradi wa kuonyeshwa mbele ya wakaguzi ulehemu kwenye bodi.

Msimamizi wako mwone kila wiki mbili ukiwa na ukurasa mmoja: nilichofanya, kilichokwama, ninachofuata. Mpe akutilie sahihi.

Sina laptopu nzuri wala pesa za kununua programu.

Autodesk inawapa wanafunzi waliothibitishwa leseni ya bure ya mwaka mmoja, inayoweza kufanywa upya, na AutoCAD, programu yake ya kuchora, imo; hairuhusiwi kwa kazi ya kulipwa. Badala ya MATLAB, programu ya hesabu ya kulipia, tumia GNU Octave, ambayo inasoma sehemu kubwa ya msimbo uleule. LTspice na KiCad ni za bure kwa saketi, FreeCAD kwa michoro ya mitambo, QGIS kwa ramani. Programu iliyovunjwa kufuli unayonakiliwa kwa fleshi huko saiba huja na virusi, na virusi hivyo huchagua wiki ya kukabidhi mradi. Maktaba ya chuo ina majarida ya kidijitali yaliyolipiwa. Muulize mkutubi namna ya kuingia ukiwa nje ya kampasi. Hifadhi kazi mahali pawili. Stima hapa haiagi ikiondoka.

Pesa za karo na za kujikimu nitapata wapi?

Ufadhili na mkopo wa serikali kwa waliowekwa vyuoni na KUCCPS, shirika linalogawa nafasi za vyuo, huombwa kupitia tovuti ya HEF, ya ufadhili wa elimu ya juu, na mikopo inasimamiwa na HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu. Tayarisha kitambulisho, PIN ya KRA, akaunti ya benki, taarifa za wazazi (au vyeti vya vifo) na wadhamini. Mkopo wa HELB una riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na malipo huanza mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Asiyelipa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Faini hiyo huongeza deni haraka. Usiikimbie simu yao. Ukiwa huna kazi, waandikie.

Kikwazo kikubwa Pwani ni majina. Kitambulisho kinasema Mohamed, cheti cha KCSE kinasema Muhammad, benki imeandika Mohammed. Au ni Fatma huku, Fatuma kule. Mfumo hauna busara, unaona watu watatu. Linganisha karatasi zako zote kabla ya kuomba. Tofauti ndogo huenda ikatatuliwa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili au kamishna wa viapo. Kubwa hudai kubadilisha jina rasmi, jambo linalochukua muda.

Kuna basari ya NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge, kupitia eneo bunge la nyumbani kwenu. Kwa kaunti yetu ni Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu. Kuna ya kaunti, inayopitia wadi, nazo ziko 30. Fomu hizi kwa kawaida hudai muhuri wa chifu, barua ya kujiunga na chuo na orodha ya karo, na muda wake wa kuomba ni mfupi. Anayetoka Kilifi, Kwale au Taita Taveta aombe kwao. Hundi hutumwa chuoni ikiwa na majina mengi kwa pamoja. Ikiwa nambari yako ya usajili ilikosewa, pesa zimefika lakini zimekaa bila mwenyewe. Ukiona jina lako kwenye orodha ya walionufaika, nenda ofisi ya fedha ukiwa na nakala ya orodha na uulize nambari ya hundi imeingizwa kwenye akaunti yako au la.

Karo isipotimia kabla ya mitihani, mwandikie mkurugenzi wa fedha ombi la kulipa kwa awamu, ukitaja kiasi na tarehe halisi. Lifanye mwezi mzima kabla. Foleni ya wiki ya mtihani haina msamaha.

Atachimenti nitaipata wapi, na niombe lini?

Atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, ya Mei hadi Agosti iombwe Januari, Februari ukichelewa. Chukua idarani barua ya utambulisho na uthibitisho wa bima ya ajali. Kampuni nyingi hazipokei mtu asiye na bima. Ongeza wasifu wa ukurasa mmoja, nakala ya kitambulisho na matokeo. Sehemu zenye ulinzi mkali, kama bandari, zitataka pia pasi ya kuingia, na zingine huomba cheti cha mwenendo mwema kutoka DCI, idara ya upelelezi. Kiombe mapema kupitia eCitizen, kwani alama za vidole huchukuliwa ana kwa ana.

Kila mtu hukimbilia Mamlaka ya Bandari, Kenya Power na KenGen ya Kipevu, na nafasi zao huisha. Jaribu pia Kenya Pipeline, Kenya Railways, kampuni ya maji ya MOWASSCO, mashirika ya barabara ya KeNHA na KURA, viwanda vya Changamwe na Shimanzi, na karakana za meli. NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, ina kituo Mombasa, kaulize.

Ushauri wetu usiofuatwa na wengi ni hoteli. Hoteli kubwa ya Nyali, Bamburi au Diani ina boila, mitambo ya kupoza hewa, jenereta, pampu, mashine ya kusafisha maji taka, na mara nyingi ya kuondoa chumvi kwenye maji ya kisima. Wageni hupungua kati ya Aprili na Juni, na ndio wakati mitambo inafunguliwa kukarabatiwa, wakati uleule wewe unatafuta nafasi. Mwanafunzi wa mitambo atashika mengi huko kuliko kwenye kampuni kubwa anapokaa miezi mitatu akipiga chapa. Barua ipelekwe kwa mhandisi mkuu wa hoteli, si mapokezi.

Nyingi hazilipi. Piga hesabu ya nauli ya siku zote za kazi kabla ya kukubali nafasi ya Mariakani huku unalala Likoni.

Kitabu cha kumbukumbu za atachimenti kinataka nini?

Kinataka kilichoonekana, kilichopimwa na kwa nini. Ingizo hili halina alama: "Tulisaidia kurekebisha pampu." Hili linazo: "Pampu ya maji ya baridi namba 2 ilivuja kwenye shafti. Tulifunga vali mbili, tukazima na kufunga swichi kwa kufuli. Uso wa sili ulikuwa na mikwaruzo. Shafti ya mota na ya pampu zilipishana mm 0.4. Tulibadilisha sili, tukaweka shimu (vibati vyembamba) chini ya mguu wa mota hadi tofauti ikashuka mm 0.05." Chora pampu hata kwa mkono mbaya. Andika jioni ileile. Sahihi ya msimamizi ichukuliwe kila Ijumaa. Anayetaka sahihi za wiki 12 siku ya mwisho humkuta bosi yuko likizo.

Nitajuaje kwamba shahada yangu inatambuliwa?

Angalia orodha ya programu zilizoidhinishwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya, EBK, iliyoko chini ya Sheria ya Wahandisi ya 2011. Tazama jina la programu yako neno kwa neno, si jina la chuo tu. Mwenye shahada iliyoidhinishwa husajiliwa kama mhandisi mhitimu, na baada ya uzoefu usiopungua miaka mitatu huweza kuomba uhandisi wa kitaalamu. Wenye shahada za teknolojia ya uhandisi, stashahada na vyeti wana bodi yao, KETRB, chini ya sheria ya 2016. Njia zote mbili ni za heshima, lakini usigundue uko kwenye ipi siku ya mahafali. IEK nayo, chama cha wahandisi, hupokea wanafunzi. Jiunge mapema, kwani mikutano yake ndipo unapowaona wahandisi wanaotoa nafasi.

Nina ulemavu.

Jisajili na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, NCPWD, upate kadi yake. Ina mfuko wa msaada wa masomo. Chuoni omba kwa barua, mwanzoni mwa muhula, muda wa ziada wa mtihani, maandishi makubwa, chumba cha chini au mtu wa kukuandikia, ukiambatisha kadi. Maabara ikiwa ghorofani isiyo na lifti, omba jaribio lihamishiwe au vipimo vichukuliwe kwa pamoja na mwenzako, na mwenyekiti wa idara atie sahihi.

Sina usingizi, nina madeni, au nimetendewa jambo baya. Nizungumze na nani?

Chuo kina washauri nasaha, na mazungumzo yao ni siri. Hayaingii kwenye faili la masomo. Usiku, Shirika la Msalaba Mwekundu lina nambari ya bure ya 1199. Ukiwa na mawazo ya kujidhuru, piga sasa hivi, au mwambie aliye karibu akae nawe.

Madeni mengi tunayoyaona yana chanzo kimoja: kamari ya simu, kisha mkopo wa simu wa kufidia kamari. Pesa za HELB zikiingia, lipa chumba cha muhula mzima na nunua unga, mchele na mafuta ya mwezi siku hiyohiyo. Kilichobaki ndicho utakachochezea, nacho ni kidogo.

Aliyebakwa au kushambuliwa kingono aende Coast General, kwenye kituo cha waathiriwa wa ukatili, mapema iwezekanavyo. Dawa za kuzuia VVU huanza ndani ya saa 72. Asioge kabla ya kupimwa, na nguo zibebwe kwenye bahasha au mfuko wa karatasi, si plastiki. Matibabu hayangoji ripoti ya polisi. Nambari ya msaada dhidi ya ukatili wa kijinsia, 1195, ni ya bure saa zote. Mhadhiri kudai chochote ili akupe maki nako ni dhuluma: hifadhi jumbe, usizifute, na upeleke nakala kwa Mkuu wa Wanafunzi, si kwa rafiki zake idarani.

Ramadhani, sala ya Ijumaa na feri vinaingiliana na ratiba.

Maabara ya Ijumaa mchana hubadilishwa kwa kuhamia kundi jingine, na kundi hubadilika kwa urahisi katika wiki mbili za kwanza tu. Madarasa ya jioni wakati wa Ramadhani, mwakilishi wa darasa azungumze na mhadhiri kabla mwezi haujaandama ili yaanze mapema, watu wafuturu kwa utulivu. Feri ya Likoni haikubaliwi kama udhuru wa kuchelewa mtihani, na vyuo vingi hufunga mlango baada ya nusu saa. Mtihani wa saa mbili asubuhi unataka uwe umeshavuka kabla ya saa moja, au ulale kwa mwenzako Tudor usiku huo.

Nataka kusimamisha masomo kwa muda. Nitapoteza nafasi?

Hutapoteza ukiomba kuahirisha kwa maandishi na ukajibiwa kwa maandishi. Anayeondoka kimya huandikwa mtoro na anaweza kufutwa usajili. Toa sababu na uthibitisho, taja muhula utakaorudi, na uwajulishe HELB ili awamu isitumwe chuoni ukiwa haupo. Fanya hivyo kabla ya mitihani ya muhula huo. Ukishaanza kuifanya, matokeo yatahesabiwa. Ukirudi, hakikisha mtaala haujabadilika, na kama umebadilika, mwombe mratibu akuandikie ni masomo gani mapya yanachukua nafasi ya yale ya zamani.